Nahau za michezo katika Kiingereza cha ofisini: zinatoka wapi, na je, nizitumie?

Karani wa Ilala

Habari zenu wanajukwaa.

Ninafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali hapa Dar es Salaam. Makao yake makuu yako Marekani, na baadhi ya wafadhili wetu wako Uingereza. Kiingereza nimekisoma tangu utotoni, ninakiandika bila taabu, na taarifa za fedha za miradi ndizo kazi yangu ya kila siku. Hata hivyo, tangu nilipoanza kuhudhuria vikao vya kila wiki kwa njia ya video, nimeona kwamba kuna Kiingereza ambacho hakimo katika vitabu tulivyosomeshwa, nacho kimejaa viwanja, mipira na ngumi.

Mfano ulio karibu ni barua pepe ya msimamizi wangu aliyeko Chicago. Aliandika kwamba anahitaji "a ballpark figure" ya bajeti ya robo ijayo, kwamba ingefaa "to touch base" kabla ya Ijumaa, kwamba wakaguzi wanaweza kuturushia "a curveball", kisha akafunga barua kwa kusema "the ball is in your court". Maana ya kila nahau niliipata kwenye kamusi. Nisichokipata humo ni uzito wake: je, bwana huyu ananikumbusha tu, ananiharakisha, au ananilaumu kwa adabu? Nami nikimjibu kwa maneno ya namna hiyo hiyo, nitaonekana mtu aliyeizoea lugha au mtu anayejipendekeza?

Ningependa pia kujua kwa nini Kiingereza kimesheheni maneno haya kupita kiasi, na kama wafadhili wetu wa Uingereza wanayaelewa kama Wamarekani wanavyoyaelewa, kwa sababu mara nyingi barua moja huenda kwa pande zote mbili. Naomba msiniletee orodha ya nahau na maana zake. Orodha hizo zimejaa mtandaoni na nimekwisha kuzisoma.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Ndugu Karani, umeuliza swali kutokea mahali panapofaa. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na nimeona wanafunzi wakikariri maana ya nahau kama wanavyokariri miji mikuu ya nchi, kisha wakaitumia mahali inapokera. Uzito unaoutafuta umo ndani ya mchezo wenyewe. Ukijua ni nini hasa hutokea uwanjani katika kile kitendo kimoja kinachotajwa, yaani zamu ni ya nani, nani atalaumiwa na nafasi iliyobaki ni kiasi gani, utajua pia kama unaharakishwa au unakumbushwa.

Tuanze na besiboli, kwa kuwa nahau tatu kati ya nne za msimamizi wako zimetoka huko. "Ballpark" ni uwanja wa mchezo huo. Mpira ukiwa ndani ya uwanja, hata kama hujui umeangukia nyasi zipi, angalau unajua haujatoka nje ya ukuta. Kwa hiyo "a ballpark figure" ni kadirio ambalo msemaji anakiri mapema kuwa si kamili. Msimamizi wako hakuomba jedwali lenye safu arobaini na senti zake. Ukimpelekea jedwali hilo atakushukuru kwa mdomo na kukereka moyoni. Alitaka umwambie "kati ya dola 40,000 na 50,000", basi, ili naye aweze kuendelea na mazungumzo yake huko juu.

Katika mchezo huo huo, mpigaji akishaupiga mpira hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, kila kimoja kikiwa futi 90 kutoka kingine, yaani zaidi kidogo ya mita 27. Asipokigusa kituo anapokipita, upande wa pili unaweza kudai atolewe. Kugusa kwenyewe ni tendo la nukta moja, mguu unakanyaga na kuendelea, lakini ni la lazima. Ndivyo ilivyo "to touch base": mawasiliano mafupi ambayo hayapaswi kukosekana. Si kikao chenye ajenda na muhtasari. Simu ya dakika tano inatosha.

"Curveball" inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mrushaji husimama futi 60 na inchi 6 kutoka alipo mpigaji, na huuzungusha mpira kwa vidole wakati wa kuuachia, hata ukawa unakuja kama mpira wa kawaida, kisha ukikaribia gongo unajipinda na kushuka. Mpigaji amekwisha kuanza kuzungusha gongo lake. Asipouona mpindo huo kwa wakati atapiga hewa, na watazamaji hawatamcheka sana kwa sababu wanajua mpira ule uliundwa ili kumhadaa. Nahau hii basi haikulaumu. Inakuonya kwamba wakaguzi wanaweza kuuliza swali linaloonekana jepesi ambalo njiani litageuka.

Nahau ya nne imetoka kwenye tenisi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mpira ukishavuka wavu ukaingia upande wako, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuurudisha. Anayesema "the ball is in your court" hakuharakishi kwa maneno, lakini anatangaza kwamba kuanzia sasa ucheleweshaji wowote utahesabiwa kuwa ni wako. Mkubwa akimwambia mdogo ni jambo la kawaida, na watu wa cheo kimoja wakiambiana si neno. Mdogo akimwandikia mkubwa, hasa kwa mtu aliyelelewa katika adabu zetu za pwani, inakaribia kuwa amri. Badala yake mwandikie kwamba unasubiri uamuzi wake, na jambo litakuwa lile lile bila kumsukuma.

Kuhusu wingi wa maneno haya, sababu moja kubwa ni kwamba Waingereza na Wamarekani walitangulia kuiandikia sheria michezo mingi na kuifanya burudani ya umma yenye magazeti yake. Sheria za kriketi ziliandikwa mwaka 1744, chama cha soka cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863, kanuni za ngumi za Queensberry zilitangazwa mwaka 1867, na Ligi ya Taifa ya besiboli ya Marekani ilianza mwaka 1876. Mamilioni ya watu wakisoma habari za mchezo mmoja kila siku, lugha ya mchezo huo huvuka uzio na kuingia sokoni, bungeni na mahakamani. Huko Marekani imefika hadi kwenye sheria: katika besiboli mpigaji akihesabiwa makosa matatu anatoka, na mwaka 1994 jimbo la California lilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina la kanuni hiyo, ambayo kwayo mtu aliyekwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito, akipatikana na hatia ya tatu, alipewa kifungo cha kuanzia miaka 25 hadi maisha. Septemba 2005, John Roberts alipohojiwa na Seneti kabla ya kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, alijieleza kwamba jaji ni kama mwamuzi wa besiboli, ambaye kazi yake ni kutangaza mpira ulio halali na usio halali, si kurusha wala kupiga. Wasikilizaji wake hawakuhitaji kufafanuliwa.

Nitaongeza moja tu ambayo hukuitaja, kwa kuwa imewaumiza wengi. Mmarekani ukimwalika chakula akajibu "I'll take a rain check", usimpangie siku nyingine. Tangu miaka ya 1880 mashabiki wa besiboli walipewa tiketi mbadala mvua ilipouharibu mchezo, na neno lilitoka huko. Lakini siku hizi kwa sehemu kubwa ni njia ya kukataa bila kuvunja uso wa mwalikaji.

Mkaazi wa Leicester

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako ya besiboli nimeyafurahia, lakini ndugu yetu ameuliza pia kuhusu Waingereza, na mimi ninayeishi nao ningependa kumtahadharisha. Huku besiboli ni mchezo wa kwenye filamu. Waingereza wanaelewa "ballpark" na "touch base" kwa sababu lugha ya ofisi za Marekani imeenea, ila wapo wanaozichukia nahau hizi kwa dhati, na "touch base" hasa huwafanya wazee wa kiofisi wakunje uso. Mchezo uliowapa Waingereza nahau zao za ndani ni kriketi.

Mji wangu una familia nyingi zenye asili ya Kihindi zilizotoka Uganda mwaka 1972, na jirani yangu mmoja ndiye aliyenikalisha mbele ya televisheni akanieleza. Mrushaji anakimbia na kuurusha mpira ambao kwa kawaida hudunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji, kwenye kipande cha ardhi chenye urefu wa yadi 22. Hali ya ardhi hiyo ni nusu ya mchezo. Zamani kipande hicho hakikufunikwa, kwa hiyo mvua ikinyesha, kisha jua likakipiga kikakauka juu na kubaki na unyevu chini, mpira ulidunda kwa namna isiyotabirika, mara ukaruka usoni, mara ukatambaa. Hiyo ndiyo "a sticky wicket". Siku hizi viwanja vikubwa hufunikwa turubai mvua inapokuja na balaa hilo karibu limetoweka, lakini waziri aliyebanwa na maswali magumu bado husemwa yuko juu ya ardhi hiyo. Angalia kwamba lawama haimo ndani yake: mtu ni hodari, ila aliposimama ni pabaya.

"On the back foot" ni jirani yake. Mpigaji anapolazimika kurudi nyuma ili kujihami, uzito wake wote huhamia kwenye mguu wa nyuma, naye ameacha kushambulia. "Knocked for six" humhusu mtu aliyepigwa na habari mbaya akabaki hana nguvu, kwa sababu mpira unaopigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kudunda huzaa alama sita na ni aibu ya mrushaji. Na marehemu aliyefariki akiwa na miaka tisini, Mwingereza atakwambia "she had a good innings", yaani alikaa sana zamuni kabla ya kutolewa. Mara ya kwanza nilipoisikia msibani niliona ni kukosa heshima. Si hivyo, kwao ni pole ya upole kabisa, ila haisemwi kwa kijana.

Mfano mkubwa ni wa kisiasa. Tarehe 12 Novemba 1990, katika karamu ya Meya wa Jiji la London, Waziri Mkuu Margaret Thatcher, akiwa amezongwa na upinzani ndani ya chama chake, alisema kwamba bado yuko zamuni ingawa mipira anayorushiwa ni ya uadui, na kwamba hataikwepa bali ataipiga pande zote za uwanja. Kesho yake bungeni Geoffrey Howe, aliyekuwa naibu wake na aliyejiuzulu siku chache kabla, aliichukua lugha hiyo hiyo. Alisema kwamba mawaziri waliotumwa kwenda kujadiliana na Ulaya walikuwa kama wapigaji wa kwanza wanaoingia uwanjani na kugundua, mipira ya mwanzo inaporushwa, kwamba magongo yao yalivunjwa kabla ya mchezo, tena na nahodha wao wenyewe. Katika mchezo ambao Waingereza wameufanya kipimo cha uungwana, hata wakasema jambo lisilo la haki "is not cricket", nahodha anayewavunjia magongo watu wake hana pa kujificha. Tarehe 22 mwezi huo huo Thatcher alitangaza kuondoka. Sisemi kwamba sentensi moja ilimwangusha, maana mgogoro ulikuwa wa muda mrefu, lakini kila mtu aliyekuwa ukumbini alikumbuka sentensi ile.

Wahindi, Wapakistani, Waaustralia na watu wa Karibi wanaijua lugha hii vizuri kama Waingereza. Hata Kenya, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, ina wanaoijua. Mmarekani wa Chicago hataielewa, na adabu yake itamzuia kukuuliza.

Halafu jihadhari na "punt". Mmarekani, ambaye kwenye mpira wa miguu wa kwao timu iliyokwama huupiga mpira mbali ili kuukabidhi kwa wapinzani, akisema "let's punt on this" anataka jambo liahirishwe. Mwingereza akisema "let's take a punt" anataka mjaribu bahati. Nimeshuhudia kikao kimoja ambapo neno hilo lilisababisha nusu ya watu waondoke wakidhani mradi umesimama, na nusu wakidhani umeanza.

Chambilecho

Na ile "saved by the bell" msiisahau. Nimesoma kwamba zamani Ulaya watu walizikwa wakiwa hai kwa makosa, wakawa wanafungiwa kamba mkononi iliyounganishwa na kengele juu ya kaburi. Aliyezinduka aliipiga kengele akafukuliwa. Kwa hiyo hiyo si nahau ya michezo hata kidogo.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, Mkaazi wa Leicester.

Ndugu Chambilecho, kisa hicho kinasimuliwa sana na kina mvuto wake. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 walikuwepo wabunifu walioandikisha majeneza yenye kengele. Hakuna ushahidi kwamba nahau ilizaliwa humo. Imetoka kwenye ngumi: kanuni za Queensberry ziliweka raundi za dakika tatu na mapumziko ya dakika moja, na bondia aliyezidiwa, kengele ya kumaliza raundi ikilia kabla hajamalizwa, amepata dakika moja ya kupumua. Nahau yenyewe hutumika hivyo hivyo hadi leo, kwa mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua kipindi kikaisha. Anaokolewa kwa muda tu, maana kesho kuna kipindi kingine, na utaona kwamba hadithi ya kaburi haina sehemu hii ya "kwa muda".

Ngumi ni hazina ya pekee kwa kuwa nahau zake ni za zama mbili. Kabla ya glavu, mabondia walipigana kwa mikono mitupu, na raundi iliisha mmoja alipoanguka. Alipewa sekunde thelathini, kisha alipaswa kufika kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Mstari huo uliitwa "scratch". Aliyeshindwa kuufikia alikuwa ameshindwa pambano, na kazi ambayo hadi leo Waingereza husema "is not up to scratch" ni ile isiyofikia kiwango. Zama za pili zikaleta kuhesabiwa hadi kumi, ndiyo "down for the count", na taulo. Hapa pana jambo la kuangalia: taulo hurushwa ulingoni na msaidizi wa bondia, si bondia mwenyewe, naye hufanya hivyo kwa huruma, akiona mtu wake ataumia. Katika maisha ya kawaida Kiingereza kimeisahau tofauti hiyo, na "to throw in the towel" husemwa kwa yeyote anayekata tamaa, mara nyingi kwa dharau kidogo.

Mkalimani

Hamjambo. Nimekuwa nikitafsiri kwa mdomo katika mikutano hapa Arusha, na kwetu suala hili ni la mkate. Mjumbe akitoa nahau ya mchezo una sekunde mbili hivi. Ukitafsiri picha, msikilizaji wa Kiswahili anabaki na mpira usio na uwanja; ukitafsiri maana, unapoteza ukali wa msemaji. Mimi huchagua maana, isipokuwa pale ambapo Kiswahili kina picha yake iliyokwisha kukubalika. "An own goal" ni kujifunga, na hakuna wa kuuliza zaidi. "The ball is in your court" siku hizi ni mpira uko upande wenu, ingawa sisi tunaona uwanja wa soka na wao waliona wavu wa tenisi. "To move the goalposts" ni kuhamisha magoli. Na mjumbe aliyesema upande wa pili unataka "to take their ball and go home", niliwaambia wasikilizaji kwamba wanataka kutia mpira kwapani, ukumbi ukacheka kabla hata wazungu hawajamaliza kucheka. Watoto wenye mpira wao na hasira zao wako kila mahali.

Ninachoongeza kwa ndugu Karani ni hatari ya nahau zinazobeba uhakika. Kwenye mpira wa kikapu "a slam dunk" ni pale mchezaji anaporuka na kuusukumiza mpira kwenye kikapu kwa mkono kutoka juu. Umbali wa kukosea haupo tena. Desemba 2002 George Tenet, mkurugenzi wa shirika la ujasusi la Marekani CIA, alitumia maneno hayo mbele ya Rais George W. Bush alipozungumzia hoja ya kwamba Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi. Vita vilianza Machi 2003, na silaha hazikuonekana. Tenet alikuja kujitetea kwamba maneno yake yalichukuliwa nje ya maana aliyoikusudia, na pia alikiri hadharani kwamba yalikuwa maneno ya kijinga kuliko yote aliyowahi kuyasema. Angesema "ushahidi tulio nao unaelekea huko, isipokuwa maeneo haya matatu", angeulizwa maeneo hayo ni yapi. Nahau ilifunga mlango wa maswali.

Ipo na kinyume chake. Tarehe 28 Desemba 1975, katika mpira wa miguu wa Kimarekani, timu ya Dallas ilikuwa nyuma dhidi ya Minnesota huku muda ukiyoyoma, na Roger Staubach akaurusha mpira mbali kabisa, ukadakwa na Drew Pearson, wakashinda. Staubach, ambaye ni Mkatoliki, alisema baadaye kwamba aliporusha alifumba macho na kusali Salamu Maria. Msemo ulikuwepo kabla yake, lakini tangu siku hiyo "a Hail Mary" imeenea kila mahali kwa maana ya jaribio la mwisho lisilo na matumaini makubwa. Mjumbe mmoja wa kwetu, mtu wa kanisa, aliposikia kwamba pendekezo lake limeitwa hivyo alidhani amesifiwa kwa uchaji wake.

Karani wa Ilala

Nawashukuru nyote. Nina swali dogo na ombi moja. Swali: msimamizi aliandika kwamba mahudhurio ya semina yetu yalikuwa "below par". Nimeangalia gofu, na huko kumaliza kwa mapigo yaliyo chini ya "par", yaani idadi ya mapigo iliyowekwa kuwa kipimo, ni ushindi. Je, alitusifu?

Ombi: nimeandika aya ya kufungua taarifa itakayokwenda Chicago na kwa mfadhili wa Uingereza. Nilijaribu kutumia niliyojifunza, nikaandika kwamba timu yetu "stepped up to the plate", kwamba matokeo ya mafunzo ni "a slam dunk", kwamba ucheleweshaji wa fedha "put us on a sticky wicket", na kwamba masharti mapya ya mfadhili kuhusu stakabadhi ni "moving the goalposts". Naomba mnikosoe.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Hakuwasifu. Neno "par" ni la Kilatini lenye maana ya usawa, na wafanyabiashara walilitumia kwa thamani ya hisa na fedha muda mrefu kabla halijaingia kwenye gofu. "Below par" hufuata hesabu za wafanyabiashara, kwa hiyo ni pungufu. "Par for the course" ndiyo ya gofu, na maana yake ni jambo lililotarajiwa, mara nyingi husemwa kwa kukata tamaa, kama vile mtu anavyosema foleni ya Ubungo imemchelewesha. Aya yako namwachia Mkalimani.

Mkalimani

Kaka Karani, umechanganya besiboli, kikapu, kriketi na soka katika aya moja. Mwingereza atadhani unamtania, Mmarekani atakwama kwenye kriketi. Katika taarifa ya maandishi itakayowekwa kwenye jalada na kusomwa na mkaguzi baada ya miaka miwili, mimi ningeziondoa zote nne, kila moja kwa sababu yake.

"Stepped up to the plate" inasema kwamba zamu ilipofika mtu aliitikia wajibu wake, lakini haisemi alifanya nini. Andika kwamba maafisa wawili walichukua kazi ya mwenzao aliyekuwa likizo na taarifa zikatoka kwa tarehe iliyopangwa, kama ndivyo ilivyokuwa. "Slam dunk" nimekwisha kuisemea. Weka idadi ya waliofaulu mtihani wa mwisho, na ya walioshindwa. "Sticky wicket" ina uzuri wake, kwa sababu inasema mazingira yalikuwa mabaya bila kumlaumu mtu, na hicho ndicho ulichokitaka. Lakini msomaji wa Chicago hataipata. Taja ni wiki ngapi fedha zilichelewa na shughuli zipi zilisogezwa.

Ya nne ndiyo ya kuogopa. Kwa Mwingereza "moving the goalposts" ni tuhuma ya hila: kwamba mlikubaliana masharti, mkaanza kucheza, naye akayabadilisha kwa makusudi ili msifunge. Hutaki kumwambia hivyo mtu anayelipa kodi ya ofisi yenu, hata kama moyoni unaamini ndivyo alivyofanya. Katika barua pepe kwa mwenzako wa meza ya pili sina neno. Kwa mfadhili, taja sharti la awali la stakabadhi na tarehe ya barua yake, kisha sharti jipya na tarehe yake, useme ni matumizi yapi yalikwisha kufanyika kati ya tarehe hizo mbili, na uombe akuelekeze yahesabiwe kwa sharti lipi. Barua zote mbili ziambatishe.